Kifungo cha Pili

Kitambaa chekundu kilipungua shubiri moja na vidole vinne. Fundi wa bendera alikipima kwa futikamba, kisha akakipima tena kwa kiganja chake, maana futikamba za karakana ya serikali zilikuwa zimevutwa na miaka na hakuna aliyeziamini. Mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile. Kitambaa cheupe kilitosha. Cha kahawia kilitosha na kubaki. Chekundu, ambacho hukaa chini kabisa na ndicho kinachochapwa zaidi na upepo, kiliishia njiani.

Akaenda kwa mtunza bohari, akamkuta anakunywa chai.

"Fundi, nyekundu imekwisha," alisema mtunza bohari kabla hajaulizwa. "Labda mwezi ujao."

"Siku ya Bendera ni kesho."

"Basi jibane, mama. Wewe ndiye fundi."

Ukutani juu ya cherehani yake palikuwa na kanuni zilizopigwa chapa, na ya tatu ilisema: Bendera haiungwi. Fundi alikuwa ameshona bendera za wilaya kwa miaka thelathini na moja bila kiraka hata kimoja. Siku hiyo alifunga mlango, akafungua kopo la biskuti alimowekea vifungo, na chini ya vifungo akatoa kipande cha kitambaa chekundu kilichokunjwa mara nne. Hakikuwa cha serikali. Akakikunjua juu ya meza, akakilainisha kwa pasi, akakiunga kwenye pindo la chini kwa mshono mdogo ambao hata yeye aliutafuta baadaye kwa kidole.

Bendera yenyewe ilikuwa na historia fupi. Kamati ya wazee saba ilikaa wiki tatu kuichagulia rangi. Nyeupe ya amani ilipita kabla ya chai ya saa nne. Kahawia ya ardhi ilileta ubishi, kwa sababu mzee mmoja alisema itaonekana chafu. Mwenzake akajibu kwamba hiyo ndiyo faida yake, haitahitaji kufuliwa mara kwa mara. Nyekundu, damu ya waliokufa wakidai uhuru, haikupingwa na mtu, na waliokufa hawakuwa wametuma mjumbe. Bendera ya kwanza ilishonwa na mama yake fundi, kwa cherehani hii hii. Kitabu cha darasa la tatu kina majina ya wale wazee saba na picha yao. Kuhusu mama kinasema tu kwamba bendera "ilishonwa".

Darasa hilo la tatu lilifundishwa na mdogo wake fundi. Mama yao alipofariki, kijana alikuwa hajaota meno ya mbele, na fundi ndiye aliyembeba mgongoni huku akikanyaga cherehani. Ndiyo maana mpaka alipokuwa mwalimu mwenye chaki mfukoni, mlio wa cherehani ulikuwa unamtia usingizi. Kila mwaka aliwaimbisha watoto wake: nyeupe ni amani, kahawia ni ardhi, nyekundu ni damu ya mashujaa. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, "Damu ya nani na nani?"

Mwalimu mwingine angemwambia kaa chini. Yeye alimwambia ataenda kuuliza. Aliuliza kwa miaka miwili, kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, akarudi na daftari lenye majina mia mbili na sita. Kasoro ya daftari ni kwamba baadhi ya majina yalikuwa ya watu waliokufa baada ya uhuru, wakiwa wanaudai bado. Siku ya Bendera ilipofika, yeye na wenzake kumi na wawili wakaamua kwenda kusimama chini ya mlingoti na kuyasoma kwa sauti.

Fundi alimshonea shati jekundu kwa ajili hiyo. Vifungo vyekundu vilikuwa sita na shati lilitaka saba, kwa hiyo cha pili kutoka juu akaweka kifungo kikubwa cha buluu kilichotoka kwenye koti la mama.

"Dada, utanichekesha mbele za watu," alisema mdogo wake.

"Hawataona. Watakuwa wanakutazama mdomo."

Chini ya mlingoti mwalimu alifika jina la nne. Lori likaja, watu kumi na tatu wakapandishwa, na mkutano ukaendelea kwa ngoma ya shule. Shati lilikwenda naye. Kitambaa kilichobaki dada yake alikikunja mara nne, akakiweka chini ya vifungo.

Juma lililofuata alikwenda ofisi ya wilaya. Karani alifungua rejista kubwa, akapitisha kidole.

"Yupo. Anatumikia kifungo."

"Cha miaka mingapi?"

Karani alitazama tena. "Haikuandikwa. Limeandikwa neno kifungo tu."

Hilo lilikuwa miaka kumi na tisa nyuma. Kila mwaka fundi alirudi na kuuliza, na kila mwaka aliambiwa kifungo hakijaisha. Kila mwaka pia alishona shati jipya kwa vipimo vile vile na kulikabidhi dirishani, wakalipokea kwa adabu. Karani wa kwanza alistaafu akiwa amevaa shati la mwaka wa tano. Huyu wa sasa alikuwa akivaa la mwaka wa kumi na sita, na lilimkaa vizuri, ila mabegani.

Nyumbani hakuna aliyelia. Aliye kifungoni haliliwi msiba, husubiriwa, na fundi alisubiri mpaka nywele zikageuka rangi ya bendera upande wa juu. Hakuomba makubwa. Alitaka moja kati ya mawili: aione miguu ya mdogo wake mlangoni, au aonyeshwe udongo uliomfunika, aweke jina lake juu, alie mpaka atosheke. Usiku alilala vizuri, mchana ndio uliomtesa, kwa sababu mchana kila mlango uligongwa.

Kesho yake baada ya kuunga kile kipande, saa mbili asubuhi, tarishi wa ofisi ya wilaya alipandisha bendera mpya mbele ya wageni waalikwa. Upepo wa mji huo hutoka machimbo ya kokoto, upande wa mashariki, na huleta vumbi jeupe linalokaa kwenye nyusi. Asubuhi hiyo ulivuma kama kawaida yake. Bendera ilikunjuka, ikajinyoosha, na ikaelekea machimboni, dhidi ya upepo, pindo lake jekundu likiwa limenyooka mbele. Wageni waliimba wimbo wa taifa beti zote. Baada ya chai tarishi akaenda karakana.

"Fundi, bendera yako haifuati upepo," alisema.

"Inafuata nini?"

"Inatazama machimboni. Nimeipandisha mwenyewe. Nikadhani nimefunga kamba vibaya, nikaishusha, nikafunga upya. Ikatazama kule kule."

"Imechanika?"

"Haijachanika."

"Basi iache, kaka yangu," alisema fundi, na akaendelea kupindia mapazia ya chumba cha mikutano. Lakini pazia moja lilitoka na mshono uliopinda.

Mkuu wa wilaya aliita kikao. Yeye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni. Kanuni ziliruhusu bendera kubadilishwa ikipauka au ikichanika, na hii haikufanya lolote kati ya hayo. Ilikaa miezi, ikakaa mwaka, na nyekundu yake ikabaki mbichi kama siku ya kwanza.

"Watu wana msemo wao, bendera hufuata upepo," alisema Mkuu. "Ikiwa yetu haifuati, wataanza kuuliza kwa nini. Na wakishazoea kuuliza, hatutapata usingizi. Kwa hiyo haiwezekani bendera ikawa imekosea. Upepo ndio uliokosea."

Bwana hali ya hewa, ambaye alikuwa na mke na watoto wanne, alipanda juu ya paa lake na kukifunga kile kishale cha kuonyesha upepo kwa waya, mkia wake ukielekea machimboni. Tangu siku hiyo redio ilitangaza kila asubuhi kwamba upepo unavuma kutoka mjini kwenda mashariki. Wananchi hawakubishana. Walikuwa na upepo wa serikali, uliotangazwa, na upepo wa nje, uliokausha nguo na kupeperusha moshi, na kila mama alijua kuanika kwa kufuata upi. Mwashi mmoja tu alijenga jiko kwa kufuata upepo wa redio, na mkewe akapikia machozi mwaka mzima.

Fundi alichukua siku ya ruhusa. Akasimama chini ya mlingoti, akatazama bendera ilikoelekea, akaanza kutembea moja kwa moja bila kukunja kona. Alipita kati ya meza za wauza viatu, waliompisha. Akapita uwanja wa shule wakati darasa la tatu likiimba rangi. Nyumba moja ilikuwa katikati ya njia. Akabisha hodi, akaingia kwa mlango wa mbele, akasalimia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alimsindikiza mpaka kwenye ua.

"Unakwenda machimboni," alisema yule mama.

"Naifuata bendera."

"Wenye macho hawaambiwi tazama, lakini sisi wa huku tuliambiwa tusitazame. Lile lori lilipita hapa saa nane mchana. Nilikuwa naanika. Lilirudi saa tisa na robo. Lilirudi jepesi, dada. Lilikuwa linaruka kwenye mashimo."

Fundi akamshukuru. Alifika machimboni, mahali palipokuwa na majani mabichi kuliko pengine pote, akageuka nyuma. Kule mbali juu ya mapaa bendera ilikuwa imemnyooshea pindo. Akasogea hatua mbili kushoto, akaona haimtazami tena. Akarudi pale pale. Hapo akakaa chini kwenye majani na kuyashika kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa hajaruhusiwa.

Jumatatu alikuwa dirishani.

"Shikamoo, mama," alisema karani.

"Marahaba, mwanangu. Nataka kibali cha kuchimba. Mdogo wangu yuko machimboni."

Karani alifungua rejista, akapitisha kidole. Hakuwa na roho ya jiwe, na lile shati lilikuwa limeanza kumkaba shingoni. "Mama, hapa imeandikwa yuko kifungoni. Siwezi kumpa mtu kibali cha kufukua mfungwa. Kwanza hakuna fomu yake."

"Ipo fomu gani?"

"Ya kumpelekea nguo."

Akaichukua, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo.

Mwaka wa pili, Mkuu alikuwa amekwisha kuizoea bendera kiasi cha kuipenda. Katika hotuba yake ya Siku ya Bendera aliwaambia wananchi kwamba mataifa mengine yana bendera zinazoyumba, leo huku kesho kule, ila yao ilikuwa na msimamo. Ilikuwa imewaonyesha dira. Maendeleo yalikuwa mashariki. Watu wakapiga makofi, na kabla ya mvua serikali ikaamua kujenga ofisi mpya ya wilaya machimboni, na uwanja wa gwaride, na mlingoti mrefu kuliko wowote uliowahi kuonekana. Wapimaji waliifuata bendera kwa kamba, kama fundi alivyoifuata kwa miguu, wakapigilia kigingi kwenye yale majani mabichi.

Mlingoti mrefu unataka shimo refu. Fundi alisikia siku ya kuchimba ni lini, akaenda na kigoda chake, akakaa pembeni na kazi ya mkononi. Msimamizi alidhani ni mama lishe na hakumfukuza. Mchimbaji alikuwa mtu wa makamo mwenye mgongo mpana, aliyekuwa akipiga mluzi. Kwenye futi ya nne akaacha kupiga mluzi. Kwenye futi ya tano akavua kofia yake na kuiweka ukingoni, akaendelea kwa mikono. Baadaye akamwita msimamizi. Msimamizi akachungulia, akatazama saa yake, akatazama barabarani ambako gari la zege lilikuwa tayari linageuza.

"Funika kombe, mwanaharamu apite," alisema msimamizi. "Uzinduzi ni Ijumaa."

Zege ilimwagwa, nayo ilimwagika polepole. Mchimbaji alikuja kukaa karibu na fundi, mikono ikiwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mama, unamsubiri mtu hapa?" aliuliza bila kumtazama.

"Mdogo wangu. Alikuwa amevaa shati jekundu."

"Nyekundu haikubaki. Ila nimewahesabu mara mbili. Kumi na tatu." Akafungua kiganja. "Hiki nilikitoa kabla msimamizi hajaniona. Sikujua ni cha nani, lakini nilihisi vibaya kukiacha chini ya zege."

Kilikuwa kifungo kikubwa cha buluu, cha koti, matundu manne, na ndani ya matundu bado palikuwa na uzi uliofungwa kwa fundo ambalo mama alimfundisha fundi na fundi hakuwahi kumfundisha mtu. Alikifuta kwa upindo wa nguo yake. Alikiweka mdomoni kama alivyozoea kufanya akishona, akakaa hivyo, midomo imefumbwa, mpaka gari la zege likaondoka.

Asubuhi yake akakiweka juu ya dirisha la karani.

"Kifungo chake kimepatikana," alisema.

Karani alikitazama kwa muda. Alifungua rejista, akapitisha kidole hadi kwenye ule mstari, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja mtu akaongeza maneno mbele yake. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, kisha akamgeuzia fundi asome. Ilisema: Kifungo kimepatikana na kukabidhiwa kwa ndugu. Faili limefungwa.

"Maana yake amekufa?" aliuliza fundi.

"Hapana, mama. Sina mamlaka ya kuandika hivyo. Maana yake kifungo kiko kwako sasa."

"Nikitaka kumzika?"

"Faili limefungwa, mama. Hata nguo hatuwezi kupokea tena." Karani aliinamisha macho, akafungua kishikizo cha juu cha shati lake. "Pole sana. Ningeweza, ningekusaidia."

Fundi aliamini kwamba angeweza angemsaidia, na hilo lilimchoma zaidi kuliko angetukanwa. Akarudisha kifungo mfukoni. Barabarani alipishana na watu watatu waliomuuliza habari za nyumbani, na kwa wote watatu akajibu nzuri.

Ijumaa upepo ulivuma kwa ghadhabu. Uliangusha turubai la wageni waheshimiwa, ukamvua Mkuu kofia na kuitupa kwenye lundo la kokoto, ukachukua ukurasa wa pili wa hotuba yake, naye akasoma wa kwanza na wa tatu. Tarishi akapandisha bendera ile ile mpaka kileleni na kufunga kamba. Bendera ikateremka wima kando ya mlingoti, ikatulia. Pindo jekundu lilielekea chini, kwenye zege, na halikutikisika. Sketi za wanafunzi zilipepea, miti ikalala ubavu, na bendera ikaning'inia pale pale kama nguo ndani ya kabati.

Bwana hali ya hewa, akiwa ameshikilia miwani yake kwa mikono miwili isichukuliwe, alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba siku ilikuwa shwari. Akakifungua kishale chake jioni hiyo na kukishusha kabisa kutoka juu ya paa. Redio sasa husema hakuna upepo. Darasa la tatu waliimba rangi, na walipofika nyekundu wakanyoosha vidole juu, jinsi walivyofundishwa.

Fundi alishona shati moja zaidi. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefika bohari, kwa wingi, na safari hii alikata cha serikali bila kuomba. Vipimo alikuwa navyo kichwani: mabega ya mtu wa miaka ishirini na sita. Vifungo sita vyekundu, na cha pili kutoka juu kile cha buluu, kwa fundo lile lile. Alipomaliza alikanyaga cherehani tupu kwa muda, bila uzi, kwa ule mwendo wa zamani wa kumlaza mtoto. Na hapo ndipo alipolia, akiwa amefunga mlango, peke yake, kwa sauti. Hakusubiri tena ruhusa ya mtu.

Alfajiri alikwenda machimboni, akalitandaza lile shati juu ya zege chini ya mlingoti, mikono imekunjwa kifuani, akakaa kando. Upepo ulizoa karatasi, majani makavu na mfuko mzima wa saruji uliokuwa mtupu. Shati halikuinua hata ukosi.

Saa moja na nusu tarishi alifika na bendera chini ya kwapa na daftari lake la vitu vilivyookotwa uwanjani, maana hiyo pia ilikuwa kazi yake. Alimwamkia fundi. Akainama, akavuta shati kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Halikutoka. Akajinyoosha, akafungua daftari, akaandika.

"Nisomee ulichoandika, kaka," alisema fundi.

Tarishi alikohoa. "Shati moja, jekundu, jipya. Limekutwa chini ya mlingoti. Mwenyewe hajulikani."

Walikuwa wamefahamiana miaka thelathini na mitatu, na tarishi ndiye aliyepandisha bendera siku ile ya lori.

"Andika kifungo cha pili ni cha buluu," alisema fundi.

Tarishi akalowesha ncha ya kalamu kwa ulimi, akaandika: Kifungo cha pili ni cha buluu. Halafu akaweka daftari chini, akalizunguka lile shati asilikanyage, akapandisha bendera, nayo ikashuka wima na kutulia.